Maulwurf, Maulbeere, Maulesel: hilo "Maul" ni mdomo kweli?

mfasiri_wa_zamu

Wakuu, salaam.

Kuna maneno matatu ya Kijerumani yanayogoma kukaa sawa kwenye faharasa ya wanyama na mimea: Maulwurf (fuko), Maulbeere (forosadi) na Maulesel (nyumbu). Yote yanaanza na Maul. Kamusi inasema Maul ni mdomo wa mnyama. Wa mtu ni Mund, na ukimwambia mtu afunge Maul umeshamtukana.

Kwa Maulwurf maelezo yanayozunguka ni haya: Maul ni mdomo, Wurf ni mrusho, kutoka kitenzi werfen, kurusha. Basi huyu ni mnyama arushaye udongo kwa mdomo. Nina mashaka. Fuko wa Ulaya (Talpa europaea) huchimba kwa viganja vya mbele, vipana kama koleo na vimegeukia nje. Mdomo ni wa kulia minyoo. Halafu katika neno ambatani la Kijerumani sehemu ya mwisho ndiyo kichwa: Haustür ni aina ya mlango (Tür), si aina ya nyumba. Kwa kanuni hiyo Maulwurf ingekuwa aina ya mrusho, na fuko si mrusho.

Na forosadi ina mdomo gani?

Naomba kujua: Maul hizi ni moja au ni tofauti? Na mtu anathibitisha kwa hatua zipi, nisije nikaacha kisio kimoja nikashika kingine?

bi_shina

Mfasiri, mashaka yako yana msingi. Ni Maul tatu zilizokutana kwenye tahajia moja, na hakuna hata moja kati yake iliyoanza kama mdomo. Nianze na fuko, maana ndiye mwenye safari ndefu.

Umbo la kale zaidi, la Kijerumani cha Juu cha Kale (takriban 750 hadi 1050), ni *mūwerf*. Kistari juu ya u kinaonyesha irabu ndefu. Sehemu ya pili, *werf*, haikuwa mrusho bali mrushaji, nomino ya mtenda kutoka *werfan*. Sehemu ya kwanza, *mū-*, huunganishwa na Kiingereza cha Kale *mūga* au *mūha*, yaani rundo. Kiingereza cha leo bado kinalo katika *mow*, rundo la nyasi kavu. Kwa hiyo fuko aliitwa "mrusha-rundo". Aliyewahi kuona uwanja wa majani wa Ulaya baada ya fuko kupita, vichuguu kumi vya udongo mweusi vimejipanga mstari, hatauliza jina lilitoka wapi.

Shida ilianza pale *mū-* ilipokufa kama neno la kujitegemea. Wasemaji wakabaki na jina ambalo nusu yake haisemi kitu. Karibu yake palikuwa na neno lililo hai, *molta*, vumbi au udongo laini, wakaliingiza humo: *multwurf*, *moltwerf*, "mrusha-udongo". Huo ni ukarabati wa kwanza. Umbo la aina hii lina ndugu nje ya Kijerumani: Kiingereza cha zamani *mouldwarp* na Kidenishi *muldvarp*, ambako *muld* mpaka leo ni udongo.

Baadaye *molta* nayo ikafifia. Katika Kijerumani cha Juu cha Kati (takriban 1050 hadi 1350) tunakuta *mūlwerf* na *mūlwurf*. Sasa watu wameshika *mūl*, mdomo wa mnyama, neno wanalolitumia kila siku. Huo ni ukarabati wa pili, na ndio ulioleta mdomo unaokusumbua.

Kisha sauti zikafanya kazi yake. Irabu ndefu ū ikageuka au: *hūs* ikawa Haus, *mūs* ikawa Maus, *mūl* ikawa Maul. Badiliko hili linaanza kuonekana katika maandishi ya kusini-mashariki, karne ya 12, likasambaa kuelekea kaskazini na magharibi. Sehemu kubwa ya Uswisi halikufika, ndiyo maana Waswisi bado wanasema Huus, Muus na Muul. Kwa hiyo *mūlwurf* ikatua Maulwurf, na Luther alipotafsiri Isaya 2:20, zile sanamu za fedha na dhahabu zilitupiwa Maulwürfe na Fledermäuse, fuko na popo.

Limebaki swali lako la kichwa cha neno. Watenda wa Kijerumani walipozoea kuundwa kwa kiambishi -er (Werfer, mrushaji), *-werf* likawa yatima. Likavutwa na Wurf, lililo karibu kwa sauti na kwa maana. Kwa hiyo neno hili limekarabatiwa ncha zote mbili.

Tusiwacheke. Sisi tulipokea *keep left* tukasikia ki- ya ngeli, wingi ukawa viplefti. *Mudguard* ikawa madigadi, ma- ikasikika kama ya wingi, na digadi moja ikazaliwa.

jembe_la_mkono

Bi Shina, kuna jambo limerukwa. Wurf pia ni watoto wa mzao mmoja: *ein Wurf Welpen*, watoto wa mbwa waliozaliwa kwa mpigo. Na werfen kwa mnyama ni kuzaa. Je, haiwezekani kwamba Wurf ya fuko ni hiyo, mnyama azaaye chini ya ardhi? Kichwa cha neno kingekaa vizuri zaidi.

bi_shina

Haiwezekani, ndugu, na sababu yake itamfaa mfasiri kuliko jibu lenyewe: maelezo ya asili lazima yafanye kazi kwenye umbo la kale kuliko yote, si kwenye umbo la leo. Umbo la kale lina e, *-werf*, nalo ni mtenda. Wurf yenye u imeingia baadaye. Wazo lako linaeleza herufi ambayo haikuwepo neno lilipoundwa. Maana ya uzao ipo kweli katika Kijerumani, ila haina mkono katika jina la fuko.

fonolojia_kavu

Niwachukue wawili waliobaki.

Maulbeere. Beere ni tunda dogo, hapo hakuna ugomvi. Maul yake imetoka Kilatini *mōrum*, forosadi. Kijerumani cha Juu cha Kale kina *mōrberi* na *mūrberi*. Tazama herufi r: moja iko mwisho wa sehemu ya kwanza, nyingine iko katikati ya *beri*. Ulimi hauzipendi r mbili zilizo karibu hivyo, mmoja hukimbia na kuwa l. *Mūrberi* ikawa *mūlberi*, kisha ū ikawa au kama alivyoeleza Bi Shina, ikatoka Maulbeere. Kiingereza *mulberry* kimepita njia hiyohiyo. Na huku kukimbiana kwa r si kisa cha tunda moja: Kilatini *peregrinus* kilifika Ujerumani kikiwa na l na kuzaa Pilger, hujaji, *marmor*, marumaru, imeacha Murmel, yaani gololi, *turtur*, aina ya njiwa, imekuwa Turtel- katika Turteltaube.

Mkitaka ushahidi wa macho kwamba r ilikuwepo, nendeni Uholanzi. Forosadi huko ni *moerbei*. R imekaa palepale ilipoachwa na Kilatini.

Maulesel na Maultier. Maul hapa ni Kilatini *mūlus*, nyumbu, iliyopokelewa kama *mūl*. Neno fupi hilo lilitosha zamani. Lakini *mūl* nyumbu na *mūl* mdomo yalikuwa yanasikika sawasawa, basi watu wakabandika jina la jumla nyuma ili kuondoa utata: Tier, mnyama, Esel, punda. Wajerumani wana mengi ya namna hii. Windhund, mbwa mwembamba wa mbio, hana uhusiano na upepo (Wind). *Wint* lilikuwa jina la mbwa huyohuyo, Hund ikaongezwa pale *wint* ilipoanza kusahaulika. Walfisch ni nyangumi aliyeongezewa "samaki", na wanabiolojia wamekuwa wakijaribu kumvua hiyo Fisch tangu hapo. Turteltaube niliyoitaja juu ni hivyohivyo: njiwa aliyeongezewa Taube, njiwa.

Kwa faharasa yako kuna jambo la kuangalia. Maultier ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Maulesel ni kinyume chake, baba farasi na mama punda. Kiswahili kinawaita wote nyumbu, na juu ya hapo nyumbu ni yule wa Serengeti pia, ambaye kwa Kijerumani ni Gnu. Ukiandika "nyumbu" peke yake kwenye safu ya kulia, msomaji atachagua picha ya Serengeti. Andika wazazi.

Maul za mdomo halisi zipo pia, usije ukazishuku zote. Maulkorb ni kile kifungo cha mdomo wa mbwa, neno kwa neno "kikapu cha mdomo", na ndivyo kilivyo. *Maul- und Klauenseuche* ni ugonjwa wa miguu na midomo. Wao wanataja mdomo na kwato, sisi tunaanza na miguu.

Paa la nyumba na paa wa porini yanaandikwa sawa, na hakuna aliyewahi kudai mnyama yule aliitwa hivyo kwa kuwa anarukia nyumba. Kwa lugha ya kigeni tunajisahau, tunadhani kila herufi zinazofanana ni ndugu.

mtafuta_mizizi

Swali la pili halijajibiwa, la hatua. Kwa neno ambatani la Kijerumani fanya hivi.

Ligawe kwanza, na ligawe vizuri. Kijerumani hakiweki nafasi, kwa hiyo mkato mmoja vibaya unaharibu yote. Staubecken ni Stau-becken, bwawa la kuzuia maji. Ukikata Staub-ecken unapata "pembe za vumbi". Wachstube ni Wach-stube, chumba cha walinzi, au Wachs-tube, mrija wa nta, na ni muktadha tu utakaoamua. Angalia pia herufi za gundi katikati. S ya Maulwurfshügel, kichuguu cha fuko, ni ya kuunganisha Maulwurf na Hügel, kilima. Haina maana, na haianzi neno lolote. Anayetafuta "shügel" kwenye kamusi atatafuta hadi jioni.

Pili, jaribio la kichwa ulilolifanya mwenyewe. Maulbeere ni Beere? Ndiyo. Maulesel ni Esel? Nusu yake. Maulwurf ni Wurf? Hapana, hapo inuka. Ila jaribio hili linaonya tu, halihukumu. Löwenzahn, "jino la simba", ni mmea, si jino, na jina ni halali kabisa: majani yake yana meno pembeni. Rotkehlchen, "kikoo chekundu", ni ndege mwenye koo hilo. Kutofaulu kwa kichwa kunakuambia uchimbe zaidi, basi.

Tatu, rudi nyuma. Fungua tovuti ya DWDS, kamusi ya Kijerumani ya mtandaoni, andika neno, shuka mpaka sehemu iitwayo Etymologie. Vifupisho utakavyokutana navyo: *ahd.* ni Kijerumani cha Juu cha Kale, *mhd.* cha Kati, *nhd.* cha sasa, *mnd.* ni Kijerumani cha Chini cha Kati, cha kaskazini; *aengl.* Kiingereza cha Kale, *anord.* Kinodiki cha Kale. Nyota mbele ya neno maana yake umbo hilo limeundwa upya na wataalamu, halijaonekana limeandikwa popote. Usilinukuu kama ushahidi. Na ukisoma haraka, kimbilia maneno haya: *umgedeutet* (limefasiriwa upya), *angelehnt an* (limeegemezwa kwenye), *verdunkelt* (limefifia), *volksetymologisch* (etimolojia ya wasemaji wenyewe). Likiwepo mojawapo, maana ya juujuu huenda inakudanganya.

Katika matoleo ya maandishi ya kale ū huandikwa pia û, na waandishi wa zama zile waliandika w kama uu. Kwa hiyo usishangae kukuta u tatu zimefuatana mahali unapotarajia *mūw-*. Kisanduku cha kutafutia kikikataa û, andika u tupu.

Nne, pima kwa kanuni ya sauti, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukiona au usikimbilie kusema ilikuwa ū. Au ya leo ina mababu wawili: ū ya Haus, Maus, Maul, na ou ya Baum (*boum*) na Auge (*ouge*). Njia rahisi ya kuzitenganisha ni Kiholanzi. Kikiwa na ui, babu ni ū: *huis*, *muis*, *muil*. Kikiwa na oo, babu ni ou: *boom*, *oog*. Fuko kwa Kiholanzi ni *mol*, haina ui wala mdomo. Ukiweka *muil*, *moerbei* na *mol* kwenye mstari mmoja, swali la mwanzo limejijibu. Ila *muil* haitakusaidia kwa Maulesel, kwa sababu Kiholanzi nacho kina *muilezel*. Mdomo na nyumbu vilishafanana kabla, vikabadilika pamoja. Hapo inabidi urudi kwenye Kilatini.

Kanuni ya sauti inafaa zaidi pale inapovunjika. Friedhof, makaburi, inasomeka "uwanja wa amani", kutoka Friede, amani. Kijerumani cha Kati kinasema *vrîthof*, uwanja uliozungushiwa uzio, mahali palipohifadhiwa. Irabu ndefu î hugeuka ei (*zît*, Zeit, *wîn*, Wein), kwa hiyo tulitarajia Freithof. Na Freithof ipo, kusini, Bavaria na Austria. Friedhof yenye ie imekataa kanuni kwa sababu Friede imeivuta. Neno lisipofuata kanuni ya sauti, tafuta jirani aliyelivuta.

Tano, kabla hujasherehekea kugundua ukarabati, hakikisha maana ya juujuu si ya kweli. Fledermaus, "panya wa kupapatika", ni jina halisi tangu mwanzo: *fledarōn* ni kupapatika, *mūs* ni panya. Meerkatze, "paka wa bahari", ni tumbili. Kijerumani cha Juu cha Kale tayari kina *merikazza*, na maelezo ya kawaida ni mnyama mwenye mkia kama wa paka aliyeletwa kupitia bahari. Linachekesha, ila hakuna aliyelikarabati. Kwa upande mwingine Hängematte, "mkeka unaoning'inia", linakaa sawasawa kabisa, kumbe ni *hamaca* ya Wataino wa visiwa vya Karibi, ikapita Kihispania hadi Kiholanzi, ambako ikageuzwa *hangmat*. Kuleta maana si ushahidi. Waliolikarabati walikuwa wanatafuta hiyohiyo maana.

mfasiri_wa_zamu

Ahsanteni sana, nimeelewa, hasa lile la Kiholanzi. La mwisho: kuna Maulwurfsratte na Nacktmull, wote wa huku kwetu. Naweza kuandika "fuko" kwa wote watatu? Na Mull hiyo ni ile ya Maul?

bi_shina

Mull ni jina la fuko katika lahaja za kaskazini, la ukoo mmoja na *mol* ya Kiholanzi. Nackt ni uchi. Haina uhusiano na Maul, wala na Müll, takataka.

Kuhusu "fuko" kwa wote, Kiswahili kinaruhusu lakini faharasa itachanganya. Maulwurf wa Ulaya si panya, ni mla wadudu na minyoo. Maulwurfsratte (jenasi Tachyoryctes, wa nyanda za juu za Afrika Mashariki) na Nacktmull (Heterocephalus glaber, wa Kenya, Ethiopia na Somalia) ni wagugunaji, wala mizizi na viazi vya mimea. Andika "fuko wa Ulaya" kwa wa kwanza, "fuko" na jina la kisayansi kwa wa pili, "fuko asiye na manyoya" kwa wa tatu.

Na tazama ilivyogeuka. Wajerumani walimpa mdomo mnyama anayechimba kwa mikono. Wa kwetu wanachimba kwa meno ya mbele hasa. Nacktmull midomo yake hufunga nyuma ya meno hayo ili udongo usiingie kinywani. Maul ingemfaa yeye. Lakini hata huyo, kurusha udongo nje ya shimo anatumia miguu ya nyuma.

fonolojia_kavu

Basi aandikwe Fußwurf, "mrusho wa mguu", tumalize kesi.